Njara Si Njaa

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka mingi, hadi nikaanza kufundisha watoto wa wanafunzi wangu wa kwanza. Nimesahihisha ngeli mpaka kalamu nyekundu zikaniishia mkononi. Lakini nikitoka darasani nikaingia zizini, nilikuwa nasema "ng'ombe yangu" kama kila mtu wa Kiirua, na sikuona haya. Hapa nitaandika "ng'ombe wangu" kwa sababu maandishi yana adabu zake. Mdomoni ni habari nyingine.

Huyo ng'ombe alitoka kwa mama. Nilipostaafu, mama alinipa mtamba wa rangi ya kahawia mwenye baka jeupe usoni, akaniambia, "Sasa umeacha kulea watoto wa watu, lea huyu." Mwaka uliofuata mama akafariki. Ng'ombe akazaa, akawa wa maziwa, na akawa na tabia moja: hakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Mume wangu akijaribu, anazuia maziwa na kurusha teke. Tulikuwa tukicheka. Siku hizo kulikuwa na la kuchekesha.

Upepo wa Kiirua hauna heshima. Alasiri moja uling'oa misumari ya bati la zizi, bati likaanza kupiga piga juu ya kichwa cha ng'ombe wangu. Mtu mwenye akili angemfungua ng'ombe akamtoa. Mimi nikapanda juu ya kihori, nikalidaka bati kwa mkono wa kulia. Upepo ukalivuta. Mimi nikashikilia, kwa sababu tangu utotoni sijawahi kukubali kunyang'anywa kitu. Likaniponyoka likiwa limepita ndani ya vidole vyangu.

Mume wangu alikuwa shambani kwa viazi. Alinifunga mkono kwa shati lake na kunikimbiza kwenye zahanati. Muuguzi pale, ambaye niliwahi kumfundisha darasa la tano, akasafisha damu, akasema, "Mwalimu, kunja vidole."

Nikakunja. Kidole gumba kikaitika. Cha shahada kikaitika. Vile vitatu vilivyobaki vikasimama wima kama watoto wanaoimba wimbo wa taifa.

"Kunja vyote, mwalimu."

"Nimekunja!"

Akaweka pamba chini. Nilijua hapo hapo. Kidole kimoja hakivunji chawa, methali hiyo niliifundisha kila mwaka, sikujua kwamba siku moja ningeiona mkononi mwangu. Viwili havimkamui ng'ombe pia. Akaniandikia barua ya kwenda Embu, kwa daktari wa mikono.

"Wa mikono tu?" nikauliza. "Anatibu mikono peke yake?"

"Mikono tu, mwalimu. Kuanzia begani mpaka kwenye kucha."

Daktari huyo alikuwa mwanamke, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, na alikuwa na vidole vyembamba vilivyotulia. Aliniambia kwamba ndani ya kila kidole kuna kano, kamba inayokivuta, na kwamba inafanya kazi kama waya wa breki ya baiskeli. Ukikatika, unaweza kubinya mpaka kesho, gurudumu halisikii. Zangu zilikuwa zimekatika kwenye vidole vitatu.

"Nitaziunga," akasema. "Lakini kuunga ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni yako na ya mwenzangu wa mazoezi. Ukimdharau, utabaki na mkono wa sanamu."

"Nitakamua tena?"

Hakuniahidi. Aliniambia tutaona. Mimi nimekuwa mwalimu; najua tutaona ni jibu la namna gani.

Nje, kwenye benchi, mume wangu akaongeza chumvi kwenye kidonda. "Mama watoto," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionikasirisha, "mimi siwezi na yule ng'ombe. Ikifika wakati shule zinafungwa na mkono haujarudi, tumuuze. Kuna mtu wa Muthara amewahi kumuulizia."

Ng'ombe wa mama aende Muthara! Niliingia chumba cha upasuaji nikiwa nimenuna, na nadhani hata dawa ya usingizi ilichelewa kunishika kwa sababu ya hasira.

Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni kama mkono wangu bado upo. Walikuwa wameufunga bandeji hadi karibu na kiwiko, na kwa sababu ya ganzi sikuuhisi hata kidogo. Kiswahili changu chote kilikuwa kimelala. Kilichoamka ni Kimeru. Nikalia, "Njara! Njara yakwa!"

Kwetu njara ni mkono. Nilikuwa nalilia mkono wangu.

Kando ya kitanda alikuwa amesimama mwanamume mrefu mwenye upara, mtu wa pwani, ndiye yule mwenzake wa mazoezi aliyetajwa na daktari. Uso ukamng'aa. "Njaa?" akasema. "Alhamdulillahi! Mgonjwa anayeomba chakula huyo kapona. Subiri, mamangu."

Akatoka mbio. Akarudi na kikombe cha uji na mkate.

Nilimtazama mtu huyo nikatamani ningekuwa na mkono wa kumrushia kikombe. "Mkono!" nikapaza sauti, Kiswahili kikiwa kimeamshwa na hasira. "Nimesema mkono! Nani ameomba uji?"

Akauinua mkono wangu taratibu na kunionyesha, bandeji na yote. "Mkono huu hapa, haujaenda popote. Lakini uji umeshakuja, na kuurudisha jikoni ni aibu."

Niliunywa. Ukweli ni kwamba njaa pia nilikuwa nayo, lakini huyo sikumwambia.

Kurudi Kiirua na kwenda Embu kila wiki kungenimaliza, kwa hivyo nilienda kukaa Siakago kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa Umbeere. Huko ni joto, ni mbuzi na ndengu. Dada alinipokea kwa kunicheka. "Miaka yote nakuita uje kunitembelea, hutaki. Kumbe ulikuwa unangoja kukatwa!" Kisha akaniogesha na kunivisha kama mtoto, bila kunung'unika hata siku moja, na akanilazimisha nile ndengu mpaka nikazichukia.

Masharti niliyopewa yalikuwa magumu kwa mtu wa mwili wangu. Wiki sita, mkono ukae ndani ya banzi la plastiki, mchana na usiku, vidole vikiwa vimeinama kidogo. Nisibebe kitu. Nisishike kitu. Lakini kila saa nivikunje vile vidole kwa mkono wa kushoto, polepole, kisha vyenyewe vijaribu kidogo tu, kano zisije zikagandamana na kovu. Yaani usifanye kazi, lakini usikae bure. Nilimwambia yule mtu wa pwani kwamba hayo ni maagizo ya mtu asiyejua anachotaka.

"Kano mpya ni kama uzi uliolowa," akasema. "Ukiuvuta unakatika. Ukiuacha unaganda. Sisi tuko hapo katikati, mwalimu, wewe na mimi."

Wiki ya nne nikaharibu.

Ilikuwa Jumapili, kanisani Siakago. Ibada ikaisha, tukatoka nje, na watu wakaanza kusalimiana mkono kwa mkono, kama inavyopasa. Wengi walikuwa wananionea huruma na kunigusa begani. Kisha akaja mzee wa kanisa, mtu wa makamo ya marehemu baba, akaninyooshea mkono wake wa kulia. Jamani, ningefanya nini? Kumpa mzee mkono wa kushoto kwetu ni kama kumtusi. Kumnyima kabisa ni mbaya zaidi. Na kumpa plastiki aishike? Nikafungua kamba za lile banzi, nikalitoa, nikampa mkono.

Mzee alikuwa mkulima. Aliushika, akaubana, akautikisa mara tatu kwa furaha ya Bwana.

Maumivu yalipanda mpaka kwenye jino. Nilitabasamu. Nikamwambia Bwana asifiwe. Nilipofika nyumbani kidole cha pete kilikuwa kimevimba na nilijua kabisa kwamba nimekata kano. Nililala kitandani nikamlilia ng'ombe, nikamlilia mama, nikajilaani kwa lugha zote tatu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Embu kabla milango haijafunguliwa. Yule mtu wa pwani, ambaye sijawahi kumsikia akiinua sauti, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaupima mkono, kidole kimoja kimoja. Akanishikilia kiungo cha katikati, akasema nikunje ncha tu. Ncha ikacheza. Kidogo, lakini ikacheza. Akashusha pumzi, na ndipo akanigeukia.

"Mwalimu, hebu niambie. Unataka mkono au unataka adabu?"

"Nataka vyote viwili," nikasema.

"Havipatikani! Si mwezi huu! Hiyo adabu yako ingekugharimu vidole vitatu. Mzee gani huyo atakayekuja kukukamulia ng'ombe?"

Nikalivaa banzi langu, nikazikaza kamba kwa meno. Dada yangu aliposikia, Jumapili iliyofuata alisimama wakati wa matangazo, katikati ya habari za mchango wa paa, akatangaza mbele ya kanisa lote kwamba ndugu yake haruhusiwi kusalimiwa kwa mkono mpaka daktari atoe ruhusa, na anayetaka kumsalimia ampungie. Kanisa lote likanipungia. Nilitaka ardhi inimeze.

Banzi likaondolewa, na hapo ndipo nilipokata tamaa kweli. Nilidhani vidole vitaamka vyenyewe. Wapi! Vilikuwa vimekauka. Nikijaribu kufumba ngumi, vile vitatu vinashuka kidogo na kusimama njiani. Yule mtu aliweka rula kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kiganja, akaandika. Wiki iliyofuata akaweka tena, akaandika namba ile ile.

Na nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika. Mume wangu alinitumia video kwa simu: anamkamua ng'ombe, anavuta kama mtu anayeng'oa viazi, ng'ombe anarusha teke, ndoo inaruka, simu inaanguka, na sauti yake inasikika ikimwomba Mungu msamaha kwa neno alilotaka kusema. Chini yake akaandika kwamba yule mtu wa Muthara atakuja Jumamosi baada ya shule kufungwa. Nilihesabu. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Siku hiyo nilifika Embu nikiwa na moyo mbaya. Yule mtu wa pwani akaniwekea beseni la maji ya uvuguvugu na sponji ndani yake.

"Sasa tumeruhusiwa kuongeza nguvu kidogo," akasema. "Kamua."

"Nikamue nini?"

"Sponji. Likamue."

Basi! Nikalirusha lile sponji kwenye beseni, maji yakamrukia. "Usiniambie habari ya kukamua!" nikasema. "Wewe unajua kukamua? Kwenu maziwa yanatoka dukani! Mimi hapa ng'ombe ya mama yangu inauzwa, na wewe unaniambia nikamue sponji!"

Alijipangusa uso. "Ng'ombe wa mama yako," akasema kwa sauti ndogo, "anauzwa."

"Ni yangu! Inauzwa! Na usinisahihishe!"

Hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma aliyeungua kiganja, na mwendesha boda boda aliyevunjika kifundo cha mkono, wote wakijifanya wanatazama dirishani. Yule mtu akavuta kiti, akaketi mbele yangu.

"Sawa, mwalimu. Sijui kukamua. Nifundishe."

Ukimwambia mwalimu nifundishe, hasira inakosa pa kukaa. Nikanyoosha mkono wa kushoto hewani. Nikamweleza kwamba wanaovuta ni wale wasiojua. Kwanza gumba na cha shahada vinafunga juu ya chuchu, ili maziwa yasirudi kwenye kiwele. Halafu cha kati kinabana. Halafu cha pete. Halafu kidole cha mwisho. Vinashuka kimoja baada ya kingine, kisha vyote vinaachilia, na unaanza tena. Huvuti. Unashuka.

Alikuwa ameacha kupepesa macho. "Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Mwalimu," akasema, "hilo ndilo zoezi. Hilo hilo! Kila kidole na zamu yake, kano zipite moja moja. Nimekuwa nikikuomba hilo wiki nzima na wewe unalijua tangu uko mtoto."

Akainuka ghafla, kama siku ile ya uji. Akafungua sanduku la glavu, akatoa moja, akaijaza maji ya uvuguvugu kwenye bomba, akaifunga fundo, akaining'iniza kwenye chuma cha dirisha juu ya beseni. Vidole vyake vilining'inia chini, vimejaa. Akatoboa tundu kwa sindano kwenye ncha ya kila kimoja. "Tundu ni kubwa makusudi," akasema, "usitumie nguvu."

Nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu lile bati, nilicheka mpaka machozi, kwa sababu kweli kile kitu kilikuwa kiwele.

"Huyu ng'ombe wa Embu," nikasema, "hana mkia."

"Hana mateke pia. Haya, msalimie."

Niliketi. Nikashika chuchu ya glavu kwa mkono wa kulia. Gumba na cha shahada vikafunga. Cha kati kikajikokota. Cha pete kikatikisika. Cha mwisho hakikufanya lolote. Tone moja la maji likadondoka kwenye beseni. Yule fundi wa vyuma, ambaye tulikuwa hata hatujajuana, akapiga makofi.

Kuanzia hapo hakuna aliyenihimiza. Dada aliniletea glavu kutoka duka la dawa, tukaning'iniza moja kwenye mlango wa jikoni, na mbuzi wa Siakago walinitazama nikikamua maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Kwenye chumba cha Embu wengine nao wakataka. Boda boda alikamua. Fundi alipopona vizuri akakamua, na tukashindana nani atafikisha maji ukingoni mwa beseni. Rula ikaanza kusema habari nyingine. Nafasi kati ya kidole na kiganja ikapungua, ikapungua tena, na siku moja kidole cha pete kikagusa kiganja. Nilipiga kelele, muuguzi akaja kuona ni nani ameumia.

Daktari wa upasuaji akaukagua mkono, akavuta hiki, akasukuma kile. Akaniambia niende nyumbani, nijaribu, nikianza na dakika chache. Hakusema tutaona.

Nilifika Kiirua Ijumaa jioni. Yule mtu wa Muthara alikuwa anakuja kesho yake. Sikumwambia mume wangu neno. Asubuhi nikaosha kiwele kwa maji ya moto, nikapaka mafuta, nikaketi kwenye kigoda changu. Ng'ombe akageuza shingo, akaninusa begani, kisha akaunusa mkono wenye makovu, muda mrefu. Niliogopa. Nakiri niliogopa kuliko siku ya upasuaji. Mume wangu alikuwa amekuja kusimama mlangoni mwa zizi.

Gumba na cha shahada. Cha kati. Cha pete. Cha mwisho.

Maziwa yakapiga ndoo tupu, *chwii*, sauti ambayo sikuwa nimeisikia miezi mitatu. Nikarudia. *Chwii*. Mkono wa kushoto ukaingia, ikawa zamu kwa zamu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na ng'ombe akaanza kutafuna taratibu, kana kwamba nilikuwa nimetoka kidogo tu kwenda dukani. Nililia ndani ya ndoo. Kama kuna mtu alikunywa chai yenye chumvi siku hiyo, anisamehe.

"Mpigie yule mtu," nikamwambia mume wangu bila kugeuka. "Mwambie abaki Muthara."

"Nimeshampigia," akasema. "Jana jioni, nilipokuona unafungua mlango kwa mkono wa kulia."

Wiki mbili baadaye nilirudi Embu kwa ukaguzi wa mwisho, nikiwa na chupa mbili za maziwa, moja ya daktari, nyingine ya yule mtu wa pwani. Alipima, akaandika, akaweka rula mezani. Kisha akasimama wima mbele yangu kama mzee wa kanisa, akaninyooshea mkono wake wa kulia.

"Sasa umeruhusiwa," akasema. "Nisalimie, mwalimu. Kwa nguvu zako zote."

Niliushika. Vidole vyote vitano vikafunga, kila kimoja mahali pake, nikabana kama mkulima, nikautikisa mara tatu. Akakunja uso, akajaribu kujitoa, akashindwa.

"Basi, mwalimu!" akalia. "Niachie njara yangu!"

Alikuwa amelisema sawasawa, r na yote. Sikumwachia upesi.